Baiskeli ya Masika

Masika hayabishi hodi Mbweni. Machi inapoelekea ukingoni, mawingu hukusanyika upande wa bahari kama wanawake waendao matangani, na zikishanyesha mvua mbili tatu, barabara za vumbi zinazopita kati ya nyumba mpya hugeuka uji. Bajaji hukwama. Waendesha bodaboda hupandisha nauli, kisha huacha kabisa kupita, na wenye magari huyaacha barabara kuu wakavua viatu. Miaka mingi, katika msimu huo, alikuwapo mtu mmoja aliyepita kwenye tope bila kushuka: Editha, nesi wa zahanati, juu ya baiskeli yake ya kijivu.

Ilikuwa baiskeli ya gia, ya zile zilizotengenezwa kwa kupandia milima. Editha na mumewe, Rogers, waliinunua Buguruni walipokuwa bado maharusi, katika rundo la mitumba iliyoshushwa kutoka kwenye kontena. Muuzaji aliwaonyesha baiskeli nyembamba zenye rangi za kuwaka. Rogers, aliyekuwa mwalimu wa jiografia, akazipita zote kama mtu apitaye maduka yaliyofungwa, akaenda kuivuta ile iliyochubuka. Akapitisha vidole vitatu kati ya tairi na foki, ile mikono ya chuma ishikayo gurudumu.

"Hapa tope litapata pa kupita," alisema.

"Lakini imepauka," Editha alilalamika.

"Rangi haivuki bonde, mke wangu."

Wakati huo walipanga chumba kimoja Tandale, na kiwanja chao cha Mbweni kilikuwa pori la mikorosho. Kila Jumapili Rogers alimpakia Editha kwenye keria, wakaenda kukitazama kiwanja kama watu waendao kumwona mgonjwa. Njiani walinunua mihogo ya kuchoma, wakala huku mikono ikinukia pilipili na ndimu. Penye mchanga mwingi Rogers alitweta, shati likamganda mgongoni, na Editha akacheka hata akakaribia kuanguka. Mpaka leo, akisikia harufu ya muhogo ukiungua makaani, huuona mgongo ule mbele yake.

Walipohamia Mbweni, Editha akajifunza kuendesha, na baiskeli ikawa yake. Hata hivyo, kuiandaa kwa masika ilibaki kazi ya Rogers. Kila mwaka, mvua zikikaribia, aliipindua uani, magurudumu juu, akaivisha kama mama amvishavyo mtoto siku ya kwanza ya shule. Aliweka tairi pana zenye meno, akabadilisha mipira ya breki, akausugua mnyororo na kuunywesha mafuta mazito. Alifanya hayo huku akipiga mluzi, na binti yao, Herieth, akikaririshwa majina ya mito ya Tanzania.

Lakini dunia ni rangi rangile. Herieth alikwenda chuo Dodoma, na mwaka juzi kiharusi kikamwangusha Rogers. Mkono wa kulia ukafa, mguu ukawa wa kuburuta, maneno yakawa yanatoka moja moja kama maji ya bomba la mgawo. Mluzi ukakoma. Sanduku la spana likasukumwa uvunguni, na kila Editha alipoligusa kwa ufagio alilisukuma ndani zaidi. Hakuwa na moyo wa kulifungua. Mnyororo ukashika kutu, zile tairi zenye meno zikalala bila upepo.

Mwanzoni mwa mwaka huu wafanyabiashara wapitao walisimamisha hema Buguruni, wakauza baiskeli za umeme. Editha alikwenda na wenzake wa zahanati kutazama tu, lakini jicho halina pazia. Pale palikuwa na moja nyeupe kama yai. Alipoipanda iliteleza kimya, bila kumtaka jasho hata tone.

"Sista, hii unakaa tu, yenyewe inakupeleka," alisema muuzaji, kijana mchangamfu aitwaye Fransis. "Mambo ya kuchuchumaa na spana yameshapitwa."

"Na masika je? Kwetu kuna tope."

"Niamini mie. Hii inapita popote."

Editha aliyaamini maneno hayo kwa sababu alitaka kuyaamini. Alikuwa amechoka: kazi mchana, kumhudumia mgonjwa jioni. Alitaka kitu kimoja tu ambacho hakitadai mikono yake.

Alipoifikisha nyumbani, Rogers aliitazama kutoka kwenye kiti chake barazani. Aliziona tairi laini zisizo na meno. Akaviona vile vikinga-tope vilivyoyakumbatia magurudumu hata kidole kisipite.

"Nzuri," alisema. "Na... ile?"

"Jumamosi nitamwita mtu wa vyuma chakavu aichukue."

Rogers aligeuza uso akatazama uani. "Haya, mama Herieth. Chombo ni cha mpandaji."

Mtu wa chakavu hakutokea Jumamosi hiyo wala iliyofuata, na Editha hakumfuatilia, maana baiskeli mpya ilikuwa ikienda kama upepo. Ndipo masika yakaingia kwa kishindo.

Asubuhi moja, mvua ikiwa imepiga usiku kucha, simu ililia. Alikuwa Kondo, kijana aliyejenga ng'ambo ya bonde.

"Sista Editha, shikamoo. Mke wangu Atuganile ameshikwa na uchungu, chupa imepasuka! Gari la wagonjwa limekwama, haliwezi kufika. Tusaidie, sista!"

"Mlaze kwa ubavu. Nakuja."

Bonde lilikuwa limefurika, kwa hiyo njia ilikuwa moja, ya kuzunguka juu kilimani. Kwa miguu ingemchukua nusu ya siku. Editha alijifunga mkoba mgongoni, akatoka mbio juu ya baiskeli nyeupe. Hakufika mbali. Mteremko wa kwanza tu, tairi ziliteleza kama sabuni, akaanguka, akainuka. Kisha tope likajikusanya chini ya vikinga na kushindilia, magurudumu yakagoma. Alichokoa kwa kijiti, akasonga kidogo, likajaa tena. Alipojaribu kukatiza dimbwi, kitaa cha betri kilipepesa, kikazimika. Aliivuta kama ng'ombe aliyekataa kwenda machinjioni. Mwishowe akaiegemeza kwenye kibanda cha muuza mkaa, akarudi nyumbani mbio, analia.

Rogers alimwona akiingia, gauni limetapakaa tope.

"Ilete," alisema.

"Ipi?"

"Yetu. Na sanduku."

Editha akaiburuta ile ya kijivu kutoka nyuma ya nyumba. Akalivuta sanduku uvunguni na kulifungua, na harufu ya grisi ikampiga usoni. Rogers alishuka kitini, akakaa sakafuni, akalizungusha gurudumu kwa mkono wa kushoto huku sikio limeinama.

"Linazunguka vizuri. Pampu. Jaza... Basi! Tairi ikiwa jiwe itateleza. Ibonyeze. Ikubali kidogo."

"Hivi?"

"Hivyo. Mnyororo sasa. Mafuta ya cherehani... yatatosha leo. Shusha kiti, mguu ufike chini. Kaza waya wa breki. Kaza tena."

Mikono ilikuwa ya Editha, lakini kazi ilikuwa ya Rogers. Spana ilipomponyoka, yeye ndiye aliyeidaka na kumrudishia. Hawakuwa wamefanya kitu pamoja namna hiyo tangu ugonjwa uingie.

"Gia nyepesi," alimwambia akipanda. "Kanyaga polepole, usikate mwendo. Breki ya mbele... usiiguse."

Baiskeli ilipiga kelele za kutu hadi kwenye kona, kisha ikanyamaza ikafanya kazi yake. Meno ya tairi yaliuma udongo, tope likaingia na kutoka. Editha alipanda kilima kile mapafu yakiwaka moto, mvua ikimchapa, na hakushuka.

Alimkuta Atuganile amelowa jasho, mtoto akiwa karibu kutoka. Alipotoka alikuwa wa bluu, kimya, kitovu kimemzunguka shingoni. Kondo aliona, akaziba mdomo kwa kiganja. Editha alikitegua kitovu, akamfuta mtoto mdomo na pua, akamsugua mgongo kwa kitenge kikavu. Hakuna sauti. Akasugua tena, akimsemesha kwa upole kama anayemwamsha mtu asingizini. Mara kikatoka kilio chembamba, halafu kikubwa. Kondo akaanguka magotini akalia kuliko mwanawe.

Editha hakuondoka mpaka gari lilipopata njia ya kuwafuata mama na mtoto. Aliporudi, Rogers alikuwa angali barazani. Alikataa kuingia ndani siku nzima.

"Vipi?"

"Wa kike. Wazima wote."

Rogers alishusha pumzi. Editha akakaa kwenye ngazi, miguu imejaa tope, wakatazama maji yakichirizika uani.

"Baba Herieth, uliiona ile nyeupe, ukajua haitavuka. Mbona hukunikataza?"

Rogers aliutazama mkono wake wa kulia.

"Nilikuona umechoka na vya zamani. Ulipotaja mtu wa chakavu... nikawaza, ikishakwenda hiyo, zamu inayofuata ni ya nani?"

Editha alisogea karibu naye. Aliuchukua ule mkono uliokufa, akauweka pajani pake, akaushika kwa mikono yote miwili.

"Leo bila wewe nisingetoka uani," alisema. "Mtoto yule asingelia."

Baadaye alisikia kwamba hema la Buguruni limekunjwa, na Fransis na wenzake wamehamia mkoa mwingine, simu zao hazipatikani. Baiskeli nyeupe ilikaushwa, ikapona, na akampa Projestus wa maabara ya zahanati, anayeishi kando ya lami. Kwa huyo inafaa. Editha na mumewe wakarudi kwenye desturi yao: kila Jumapili ya masika, kabla ya wiki kuanza, baiskeli hupinduliwa uani, mmoja akiwa na mikono, mwingine na maarifa. Siku moja, Editha akikaza nati ya pedeli, alisikia mluzi nyuma yake, umepinda, unavuja pembeni mwa mdomo. Hakugeuka, asije akaukatiza.

Amini usiamini, kipya kilikuja kiking'aa na kikapita, na kilichochakaa ndicho kilichobaki kikamstiri: usiache mbachao kwa msala upitao.