Mlango Mwembamba wa Wajukuu wa Kajiru

Hapo zamani, si zamani ya majitu na wanyama wasemao, bali zamani ya juzi tu, katika milima ya Upare kunakolimwa tangawizi, palikuwa na mzee mmoja, Babu Kajiru, mwalimu mstaafu wa hesabu. Alikuwa na wajukuu wawili wa kike waliolingana umri, watoto wa ndugu wawili: Nietiwe na Namsifu. Na alikuwa na shamba dogo la tangawizi kando ya mfereji, lisilokauka hata kiangazi.

Babu akawaambia: "Wajukuu zangu, someni. Atakayepita mlango wa chuo ulio mwembamba kuliko wa mwenzake, shamba hili litamsomesha."

Wakasoma. Nietiwe akasoma shule ya bweni mjini, Namsifu akasoma shule ya kata, akipanda na kushuka mlima kila siku. Walipomaliza kidato cha sita, wakashuka pamoja hadi stesheneri ya Same kuomba vyuo. Namsifu hakuwa na simu, akaandika namba ya Nietiwe. Nietiwe akaomba vyuo viwili: chuo kikuu kikongwe, kile ambacho wazazi hukitaja wakishusha sauti, na chuo kidogo cha biashara, basi tu, kujazia fomu. Namsifu akaomba kimoja, kile cha biashara.

Majibu yakatoka. Nietiwe alichaguliwa kote kuwili. Namsifu akawekwa kwenye orodha ya akiba: akitoka mtu, ndipo aingie. Na sheria ni mtu mmoja, chuo kimoja. Nietiwe akathibitisha chuo kikuu, kile cha biashara akakiacha bila kukitazama mara mbili. Vigelegele vikapigwa, mbuzi akachinjwa. Asubuhi yake Nietiwe alikwenda kusimama peke yake kwenye mfereji, akalitazama shamba kama mtu anayetazama nguo yake mpya.

Jumatatu redio ikatangaza hesabu za udahili. Chuo kikuu kikongwe: katika kila waombaji mia, wameingia kumi na wawili. Chuo cha biashara: katika kila waombaji mia, wameingia watatu.

Babu Kajiru akaweka kikombe chini. "Watatu! Huo si mlango, ni tundu la sindano."

Watu wakacheka. Nietiwe naye akacheka, ila chai ilimgeukia shubiri mdomoni.

Kesho yake, Jumanne, saa tatu asubuhi, simu yake ikalia. Ujumbe ulisema: Namsifu Kajiru, umepata nafasi. Thibitisha kabla ya saa kumi jioni kesho.

Nietiwe akaelewa papo hapo. Kiti alichoinuka yeye hakijapoa, na Namsifu anaitwa akikalie! Na akishakikalia, atahesabiwa kapita pembamba kuliko yeye. Yeye, aliyekuwa wa kwanza tangu darasa la pili! Akaifunga simu kwenye pindo la kanga.

Jumanne akapika makande, simu ikiwa pindoni. Namsifu akaja kuomba chumvi. "Dada, hakuna kitu kwenye simu?"

"Hakuna."

Jumatano mchana akamkuta Namsifu anafunga vitabu vyake kwa kamba.

"Nawapelekea watoto wa mjomba," Namsifu akasema. "Yangu yameishia hapa, dada. Nenda wewe ukatutoe kimasomaso."

Laiti angemtukana, ingekuwa rahisi. Nietiwe akazunguka uani, akarudi, akazunguka tena. Saa tisa na nusu akafungua pindo. "Namsifu! Umepata nafasi, mwisho saa kumi! Thibitisha, upesi!"

Mtandao ukagoma. Wakakimbia kupanda kilimani, mmoja kainua simu, mwingine kashikilia sketi. Saa kumi kasoro dakika nne jibu likaja: umethibitishwa. Namsifu akamkumbatia, akalia, akamshukuru. Shukrani zile zilimchoma Nietiwe kuliko kaa la moto.

Jumapili, baada ya kanisa, ukoo ukakusanyika. Babu akataka auone ujumbe kwa macho yake. Akavaa miwani, akasoma, akasoma tena.

"Uliingia Jumanne, saa tatu asubuhi. Mkathibitisha Jumatano jioni. Muda wote huo ujumbe ulikuwa wapi?"

Namsifu akageuka. "Dada?"

"Ulikuwa kwenye pindo la kanga yangu," Nietiwe akasema, akasimama. "Niliuficha. Nilikuonea wivu, na hata sasa nakuonea wivu. Lakini Babu, nisikilize. Mlango wake niliupita mimi kwanza, bila akiba. Kisha nikaupita na wangu. Mlango wangu wanagonga waliopata alama za juu nchi nzima. Ule wa biashara anagonga kila aliyesikia kuna ajira. Kuchekecha mchele uliokwisha kupetwa ni sawa na kuchekecha pumba? Kiti anachokalia nilimwachia mimi. Na ujumbe, ningetaka, ningeufuta."

Namsifu hakupaza sauti. "Kiti hukuniachia, dada. Ulikitupa kwa sababu ulikidhani kipana. Ungejua ni watatu katika mia, ungekiacha? Jina lililoitwa ni langu. Mimi nilifika hapo kutoka shule ya kata, bila tuisheni. Na kunirudishia ujumbe wangu mwenyewe ikibaki nusu saa, huo nao ni wema?"

Shangazi yao akasema, "Baba, ligawe basi, kila mmoja nusu."

"Nusu ya shamba lile haimsomeshi hata mmoja," Babu akajibu. "Wote watarudi nyumbani mwaka wa pili."

Akavua miwani. Akamtazama Nietiwe, aliyepita milango miwili, akaufungua wa mwenzake, akakaribia kuufunga, kisha akakimbia kilimani kuuzuia usifungwe. Akamtazama Namsifu, aliyepita mlango mmoja, mwembamba kuliko yote, ila aliingia baada ya mwingine kutoka. Mwalimu wa hesabu miaka thelathini, akashindwa kutoa jibu.

Mpaka leo tangawizi imo ardhini, haijapewa mtu, na vyuo vinafunguliwa wiki ijayo. Nyinyi mnaosikiliza, mmewasikia wote wawili. Je, nani alistahili?