Kabati la Mama Yordana

Kabla ya kunyamazisha mlango, muulize anayeubamiza.

Mmeisikia leo mkacheka, mkadhani ni maneno ya mafundi tu. Ni kweli ilitoka kinywani mwa seremala, lakini haihusu mbao. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na mwanamke mjini Njombe aliyeitwa Odilia, mke wa Gaudensi na mama wa mtoto mdogo, Evodi. Asubuhi moja ya Julai, ukungu ukiwa bado umelalia mabati ya nyumba, alifungua mlango akamkuta mwanamume asiyemjua amesimama barazani na sanduku la zana mkononi. Yeye hakuwa ameita fundi. Mgeni alimwamkia, akajitambulisha kuwa ni Nikasi Mgaya, seremala. Akasema ametumwa na Gaudensi, aliyekuwa kazini Dodoma, aje kuutuliza mlango wa kabati la mama yake.

Odilia alihisi aibu ikimpanda mpaka masikioni. Kumbe habari za mlango ule zimeshafika Dodoma.

Mama mkwe wake, Mama Yordana, alipigwa na kiharusi mwaka uliotangulia. Upande wa kushoto ulikufa ganzi na ulimi ukafunga. Kitanda chake kilikuwa kimesogezwa karibu na kabati la nguo la mninga, kabati zito la zamani, na mkono wake mzima, wa kulia, uliufikia mlango bila taabu. Basi alikuwa akiuvuta mlango ule na kuubamiza, asubuhi, mchana na jioni, nyumba nzima ikatetemeka. Watu waliamini kwamba akili ilikwenda pamoja na ulimi, kilichobaki ni hasira. Na hasira ya mama mkwe, mnajua wenyewe, haikosi kutafutiwa mkosaji. Jirani yao, Mama Festo, alikuwa akisema pale bombani, bila hata kushusha sauti, kwamba mzee wa watu hapigi kelele bure: ama ana njaa, ama anapigwa.

Odilia alimlisha mama mkwe kwa kijiko, alimgeuza kitandani, alimfulia, kisha akipita njiani watu wananyamaza. Hakuna alichokitamani kama kuliona jina lake limesafishwa. Kwa hiyo alimkaribisha fundi ndani.

Nikasi akatoa kwenye sanduku vidude vyembamba kama kalamu, ndani vina springi na mafuta. Alimweleza Odilia kwamba mlango unaweza kuja na hasira zake zote, lakini ukikaribia kufunga unakutana na kidole hiki, nacho kinaushika na kuuongoza taratibu. Kwa sababu mninga ni mzito, mlango ungepewa viwili. Akapima, akatia alama kwa penseli, akatoboa, akakaza na bawaba zilizolegea. Alipomaliza aliushika mlango, akausukuma kwa nguvu zake zote.

Odilia alifumba macho akingoja kishindo. Hakikuja. Alipofumbua, mlango ulikuwa unamalizia safari yake polepole, kama mtu aliyechelewa misa anavyoingia kanisani.

“Bibi anasemaje?” fundi akauliza, akigeukia kitandani.

“Bibi hasemi,” Odilia akajibu, wakacheka kidogo wote wawili, bila ubaya.

Mama Yordana akanyoosha mkono, akauvuta mlango na kuusukuma. Kimya. Akausukuma tena. Kisha akaukazia macho kwa muda mrefu, na chozi likamtoka. Odilia alilifuta kwa ncha ya kitenge chake, akidhani ni la furaha. Nikasi akaaga, akiahidi kupita baada ya siku chache kuangalia kama skrubu zimeshika vizuri kwenye mbao zile kuukuu.

Siku tatu nyumba ilitulia. Mama Festo alimsimamisha Odilia bombani na kumuuliza, “Mama Evodi, mbona kimya? Mzee mzima kweli?” Odilia alimjibu kwamba ni mzima, anapumzika, akajitwisha ndoo yake. Njia nzima alijisikia mwepesi.

Siku ya nne manyunyu yalianza mchana, na baridi ile ya Njombe inayoingia mpaka kwenye mifupa. Odilia aliwasha jiko la mkaa, akaliingiza chumbani kwa mama mkwe lipashe joto. Mtoto wake Evodi, wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa amelala kwenye godoro dogo sakafuni, kando ya kitanda cha bibi yake. Odilia akafunga dirisha, akafunga na mlango wa chumba ili joto lisipotee, akaenda jikoni kupepeta maharage. Alirudi ukumbini mara mbili kuchukua vyombo. Mara zote mbili alipita mbele ya chumba kile, hakusikia kitu, akamshukuru Mungu kwa utulivu.

Wakati huo Nikasi akawa amefika kuangalia skrubu zake. Alipokuwa akizunguka nyumba kwenda mlango wa uani alichungulia dirishani, akaona kazi ya mikono yake ikitumika. Aliingia jikoni akitabasamu.

“Dada, bibi ameipenda kazi,” akasema. “Anafungua na kufunga, anafungua na kufunga, kama mtoto aliyepata kichezeo kipya.”

Odilia akacheka, akaupiga ungo mapigo mawili. Kisha mikono yake ikasimama.

“Umesema anafanyaje?”

“Anafungua na kufunga. Hapumziki.”

“Kwa nguvu?”

Fundi akafikiri kidogo. “Kwa nguvu zote alizo nazo,” akasema, na alipokwisha kusema hivyo, uso wake nao ukabadilika.

Ungo ulianguka, maharage yakatawanyika sakafuni. Odilia alikimbia ukumbini, akausukuma mlango wa chumba, na joto likampiga usoni pamoja na hewa nzito iliyomzungusha kichwa. Mama Yordana alikuwa amening’inia nusu nje ya kitanda. Mkono wake ulikuwa bado kwenye kabati, ukivuta, ukisukuma, sasa kwa uchovu, na kila mara mlango ukijifunga bila sauti. Macho yake hayakuwa kwenye mlango. Yalikuwa kwenye godoro la sakafuni.

Odilia alimnyanyua Evodi. Shingo ya mtoto ililegea begani mwake. Nikasi alifungua dirisha kwa teke, akamtia bibi mgongoni, wote wakatoka uani kwenye manyunyu. Odilia alimwita mwanawe, akampigapiga nyayo, akampulizia usoni. Alimwita tena. Nikasi alikuwa ameshamlaza bibi barazani na kukimbilia barabarani kutafuta gari. Mtoto hakuitika. Matone ya mvua yalimwangukia kwenye kope, naye hakupepesa.

Halafu akakohoa. Akakohoa mara ya pili, ndipo akalia.

Hospitali waliwekewa hewa safi wote wawili, bibi na mjukuu. Daktari alisema kwamba moshi wa mkaa usioonekana huua watu wakiwa usingizini, na kwamba wangecheleweshwa kidogo tu angekuwa anasema maneno mengine. Odilia alikaa katikati ya vitanda viwili, na mambo yakaanza kumrudia. Siku maziwa yalipofurika jikoni, kabati lilibamizwa. Siku Evodi alipoporomoka kwenye ngazi za baraza, kabati lilibamizwa. Siku mbuzi wa jirani alipoingia kutafuna nguo kwenye kamba mbele ya dirisha la bibi, vilevile. Kila mara yeye alitoka mbio kwenda kukomesha kelele, akakutana na balaa njiani, akalishughulikia, na hakuwahi kujiuliza ni nani aliyemwita.

Aliushika mkono wa mama mkwe. “Mama, ulikuwa unaniita?”

Mkono ukambana.

“Siku zote hizi?”

Ukambana tena, na haukumwachia. Hapo Odilia alimwahidi kwamba mlango utarudi kama ulivyokuwa, na kwamba kila atakapoubamiza, yeye atakuja, hata kama yuko katikati ya jambo gani, hata kama anaitiwa kitu kidogo.

Nikasi alikwenda kuving’oa vidude vile kabla hajaombwa. Gaudensi alipoelezwa kwa simu, aliomba mama yake awekewe simu sikioni. Tangu siku hiyo, mtu akimtaka Nikasi anyamazishe mlango, kwanza aliomba aonyeshwe wanaokaa nyumbani mle, akazungumza nao, naye alikuwa akisema maneno haya mliyoyasikia. Ndivyo yalivyotoka Njombe yakatufikia.

Lakini mwenye kuielewa methali hii barabara alikuwa Odilia. Wiki mbili baadaye jumuiya ya kanisa ilisali nyumbani kwake. Sala zilipokwisha na chai kumiminwa, mwenyekiti, Mama Leokadia, alimgeukia mbele ya wanawake wote. “Mama Evodi,” akasema, “juu ya nyumba hii tumesikia mengi. Sema mwenyewe leo, tukusikie.”

Mwaka mzima Odilia alikuwa akiyangoja maneno hayo. Akaweka kikombe chini, akavuta pumzi. Kabla hajatamka neno, kabati lilibamizwa huko chumbani, kishindo kikatikisa vikombe kwenye visahani.

Wanawake walitazamana. “Ndiyo hayo sasa,” Mama Festo akasema taratibu.

Odilia alijua kwamba hakuna kinachoungua. Evodi alikuwa mapajani pake. Alijua pia kwamba akikaa dakika tano tu ataeleza yote, na akiondoka ataonekana amekimbia. Akasimama na mtoto wake.

“Naomba mniwie radhi,” akasema. “Naitwa.”

Chumbani alikuta blanketi limeteleza, mguu wa Mama Yordana uko nje kwenye baridi. Ni hilo tu. Alimkalisha Evodi kitandani, akaufunika mguu, akausugua mpaka ukapata joto. Mama Yordana akamshika kifundo cha mkono. Kutoka sebuleni Odilia alisikia viti vikisogezwa, sauti za chini, viatu vikivaliwa, kisha geti. Hakuuvuta mkono wake. Alikaa pale ukingoni mwa kitanda mpaka vidole vya mama mkwe vilipolegea vyenyewe.

Kabla ya kunyamazisha mlango, muulize anayeubamiza.