Kwa Nini Mnana Hupiga Kelele Akisuka

Zamani, enyi mnaonisikiliza, mnana alikuwa ndege bubu awapo kazini. Namzungumzia huyu ndege wa manjano anayesuka kiota kama kikapu na kukitundika kwenye ncha ya tawi, juu ya maji. Minana walikaa kwa mamia kwenye mgunga ulioinamia mto. Walisuka tangu alfajiri hadi jua kuzama, na ungeweza kupita chini yao usijue kama kuna mtu huko juu.

Kimya chao kilikuwa na sababu. Mnana hushika unyasi kwa mdomo, na mdomo ukifunguka unyasi huanguka mtoni. Kwa hiyo wazee waliweka sheria: anayesuka hasemi. Aliyeruhusiwa kusema alikuwa mmoja tu, Bi Kidawa, mkaguzi wa viota. Alipita tawi kwa tawi, akavuta nyasi za viota kwa ukucha, na neno lake lilikuwa moja: "Fumua." Kiota kikiwa sawa, alipita bila kusema lolote. Hivyo kila mnana aliyajua makosa yake yote, na hapakuwa na hata mmoja aliyejua anachokiweza.

Mwaka mmoja mawingu yaliwahi. Kidari, dume kijana aliyekuwa ndiyo kwanza ameoa, hakuwa na nyumba, na mkewe Zuwena alikuwa amekaribia kutaga. Ndege asiye na kiota hutagia hewani, na yai lake huliwa na samaki. Kidari alisuka, Bi Kidawa akasema fumua. Akasuka tena; akaambiwa fumua. Safari iliyofuata kiota kilikatika chenyewe, kikaenda na maji, likabaki fundo tu lililozunguka tawi. Kidari akakaa kando ya fundo lile, akafunga mbawa.

"Nenda kalete nyasi," Zuwena alimsihi.

"Za nini? Za kulisha mto?"

Jirani yao alikuwa Mama Sugu, mwenye makinda manne na kichwa kilichopukutika manyoya kwa kuvutwavutwa. Wakati huo alikuwa akipita na unyasi wa kuzibia kiota chake kilichovuja. Hakuwa na muda wa kumbembeleza mume wa mtu. Lakini alijua pia kwamba Kidari akishindwa, mvua itakapokuja Zuwena atahamia kwake, na kwake hapakuwa na nafasi hata ya kugeukia. Akatua. Akaushusha unyasi, akaukanyaga kwa mguu usianguke, ndipo akafungua mdomo.

"Kidari, mwanangu, nani alikufundisha fundo hili?"

Kidari akashtuka. "Hakuna. Kwani lina nini?"

"Lina nini? Nyumba nzima imekwenda na maji, lenyewe liko palepale! Mimi langu nalikaza kila kukicha. Hebu nioneshe unavyolizungusha."

Hakumwambia kwamba kiota chake ni kizuri, maana kiota hakikuwepo. Alimwambia kilichokuwepo. Kidari akaliangalia fundo lake, akalivuta, likagoma. Akaruka kwenda kuleta nyasi.

Kwenye tawi la pili walisikia. Dume mmoja mkongwe, Mzee Kibindo, akaukanyaga unyasi wake vilevile, akapaza sauti Kidari aliporudi na kuanza kusuka: "Huo ukuta, kijana, umebana! Hata mbu akitaka kupita atapiga hodi!"

"Kumbe mzee una mdomo!" akadakia jirani yake. "Basi na mimi niseme. Kizingiti chako nakitamani tangu mwaka juzi, nilikuwa naona haya tu."

"Si ungesema, mwanangu! Miaka yote nilidhani kimepinda!"

Mti mzima ukacheka, na kwa kicheko hicho nyasi zikamiminika mtoni.

"Mnaona?" akafoka Bi Kidawa. "Mnamwaga kazi!"

"Nyasi ziko tele bondeni, bibi," alisema Mama Sugu. "Tuache tusuke."

Kweli zilianguka. Lakini aliyesifiwa ukuta wake alikwenda mbio kukata nyasi nyingine, na aliyezoea kuficha ncha zake mbaya sasa alimwuliza jirani azifanyeje. Kufika jioni, kiota cha Kidari kilikuwa kinaning'inia.

Bi Kidawa akaja. Zuwena hakuweza hata kutazama. Ukucha ukavuta unyasi mmoja, haukutoka. Ukavuta mwingine, chini kabisa, pale ambapo wengi hulipua kazi. Nao haukutoka. Bi Kidawa akageuka aende zake kama ilivyokuwa desturi yake, kisha akasimama. Neno alilolihitaji hakuwahi kulitumia, ikabidi alitafute.

"Kimeshika," akasema.

Shangwe iliyolipuka ilimfanya kiboko azame mtoni bila kujua anakimbia nini. Mvua ilinyesha usiku kucha, na kulipokucha Zuwena alikuwa ameyalalia mayai yake, makavu. Bi Kidawa alipita kuyatazama mara mbili, ingawa mayai hayakuwa kazi yake.

Na tangu siku hiyo mnana hasuki kimya. Huukanyaga unyasi wake, akamwambia jirani zuri analoliona kwake, akajibiwa, kisha akaendelea. Watu wakipita chini ya mgunga husema ndege hawa wanagombana. Hawagombani. Wako kazini.