Ngano Iliyovunda Mlangoni kwa Mundhiri

Wametusimulia waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa Iraki, mwaka wa ukame, aliishi mjane mchamungu akiitwa Bibi Rumaitha, Mola amrehemu. Kazi yake ilikuwa kuwasomesha watoto na kuwaeleza asili ya maneno.

Mwaka huo tajiri mmoja, Mundhiri, alitangaza kwamba anatoa sadaka. Maskini wakapangwa juani mbele ya mlango wake, na kila aliyepokea mfuko wa ngano alitakiwa kumwombea dua kwa sauti, majirani wasikie. Bibi Rumaitha naye alikuwamo, kwa kuwa binti yake alikuwa na njaa. Alipofungua mfuko, uvundo ukampiga usoni. Ngano ilikuwa nyeusi kwa ukungu na imejaa fukusi.

Damu ikamchemka. Alitamani kumrushia Mundhiri mfuko ule usoni. Akamtaja Mola wake, akauweka mfuko chini taratibu.

“Chukua mali yako, Mundhiri. Hii si sadaka.”

“Tangu lini mwombaji akachagua?”

“Sichagui. Neno hilo nalifundisha watoto, sitakuachia ulichafue. Sadaka imetokana na sidki, yaani ukweli. Anayetoa anaonyesha kwamba imani yake ni ya kweli. Wewe umeonyesha nini?”

“Nimeonyesha kwamba mimi nina ngano na wewe huna. Nenda na njaa yako.”

Akaenda na njaa yake. Binti yake alilia mpaka sauti ikamkauka, na dada wa Bibi Rumaitha akamlaumu mjane: “Tungeichambua, tungepata hata uji.” Bibi Rumaitha akasimama kuswali, hasira ikiwa bado haijamtoka.

Haukupita muda, waliokula ngano ile wakaanza kutapika, na mtoto wa msuka mikeka akafariki. Mundhiri akadai kwamba mjane yule amewatia watu wasiwasi tu. Ili amuumbue, baada ya swala ya Ijumaa alileta mkate wa ngano ile ile, akaumega mbele ya watu, akatia kinywani. Akatafuna. Kumeza hakuweza. Watu wakamtazama mpaka akautema kiganjani.

“Sikuwahi kuionja,” akasema, machozi yakimtoka.

Siku hiyo hiyo akafungua ghala ya ngano nzuri, kisha akamwendea Bibi Rumaitha kumwomba radhi. Mama yule alikuwa bado amekasirika, wala hakuficha.

“Yangu nimekusamehe kwa ajili ya Mungu. Ya yule mtoto kawaombe wazazi wake. Na usitangulize mfuko. Tangulia kwanza kuwaambia ulichofanya.”

Ndugu zangu, kwenye neno hilo hilo sidki, yaani ukweli, ndiko tulikopata pia neno kusadiki. Lakini leo tunatoa nguo tusiyoweza kuivaa na chakula tunachokiogopa wenyewe, kisha tunasubiri kushukuriwa. Sadaka ya namna hiyo tuiite takataka, maana ndilo jina lake. Mola atusafishe mikono kabla hatujainyoosha kwa maskini.