Mafuta Mekundu ya Afande Mugeta

Akeyo alivuka mpaka wa ziwa na boti yake ya kutembeza watalii, watalii ndani, mtoto mgongoni. Afande Mugeta wa forodha akachovya kijiti tangini, kikatoka chekundu.

"Rangi ya dizeli ya msamaha wa kodi! Huku ni ya wavuvi tu. Boti ya starehe ikikutwa nayo, naikamata!"

"Kwetu inaruhusiwa, afande, sikujua, haki ya Mungu, nina mtoto! Chukua mafuta yote, ujazie boti yako mwenyewe ile ya starehe, uniachie chombo!"

Mugeta akanyonya kwa mpira hadi tone la mwisho, akajaza boti yake.

"Sasa na chombo nakichukua."

"Sawa, chovya tena, watalii wanapiga picha. Tangi langu kavu, afande. Lako je?"

Mugeta mwenyewe alimrudishia mafuta, akamsukumia boti majini.