Mbuzi Walipochagua Mbwa wa Mbegu

— Ngano, njoo!
— Njoo, tumekukalia!
— Nani yupo?
— Sisi tupo.
— Na nani hayupo?
— Aliyeliwa na fisi.
— Basi naye asikilize huko aliko, maana habari inamhusu.

Palikuwa na zizi la mbuzi chini ya kilima. Zizi lilizungushiwa miiba ya mgunga, na ndani ya miiba hiyo alikaa Kalunguyeye, mnyama wa kutosha kwenye kiganja, mwenye miiba yake mwenyewe mgongoni. Hakuwa mtakatifu. Alikaa pale kwa sababu mbuzi huacha samadi, samadi huleta mende, na yeye hula mende. Mbuzi wakiisha, mende wataisha. Mende wakiisha, naye ataisha.

Na mbuzi walikuwa wanakwisha. Fisi alikuja, akachukua mtoto, akaondoka. Akaja tena, akachukua mtoto, akaondoka. Mara ya mwisho alichukua mmoja wa mapacha wa Mama Madoa. Mama Madoa akabaki na mtoto mmoja, maziwa ya wawili, na kilio cha zizi zima.

Mzee Beberu, mkubwa wa zizi, akaita baraza.

"Jamani, tunataka mbwa."

"Kweli, Mzee."

"Lakini si mbwa tu. Mbwa wa mbegu."

Wakaanza kucheua. Hiyo ndiyo desturi ya mbuzi: neno haliamuliwi mpaka limecheuliwa. Nyamu-nyamu-nyamu. Jua likasogea. Kivuli kikahama. Nyamu-nyamu-nyamu.

"Mzee," Kalunguyeye akasema kutoka miibani, "mbegu ya nini? Mbwa wa zizi halindi kwa sababu ya babu yake. Analinda kwa sababu amelelewa zizini. Tafuteni kitoto. Kinyonye hapa, kilale hapa, kikue hapa..."

"Bi Kalunguyeye, wewe ni mbuzi?"

"Hapana, Mzee."

"Unacheua?"

"Sicheui."

"Basi umesema neno bichi."

Zizi likacheka. Kalunguyeye akajikunja. Akakaa. Akajikunjua.

Mbwa wakaitwa, wakaja kuchaguliwa.

Wa kwanza alikuwa mrefu, manyoya yamemfunika uso.

"Mbegu gani?" Beberu akauliza.

"Ya nchi za baridi."

"Ukimwona fisi utafanya nini?"

"Fisi? Mzee, hata wewe sikuoni."

Akaomba kivuli, akaomba maji, akaomba mtu wa kumpepea. Beberu akasema huyo ana heshima zake, asubiri.

Wa pili alikuwa mnene, pua imebonyea. Alitembea kutoka langoni mpaka kwenye birika la maji, akaanza kukoroma akiwa macho. Khoro, khoro.

"Mbegu gani?"

"Ya... khoro... ya mjini."

"Ukimwona fisi?"

"Nitamwita... khoro... mwingine."

Wa tatu alikuwa jike aliyekonda mpaka mbavu zikahesabika, na kitoto chake kinaning'inia mdomoni. Akakiweka chini.

"Mbegu gani?"

"Ya hapahapa."

"Baba wa huyu mtoto?"

"Alipita."

"Alipita kwenda wapi?"

"Mzee, angeaga ningemfuata."

"Tumesema mbwa wa mbegu!" Beberu akapiga kwato. "Pita nawe!"

Wa nne aliingia miguu ya nyuma imeinama, amejipaka majivu kuanzia masikio hadi mkia.

"Mbegu gani?"

"Mbwa wa mlimani, he-he-he."

"Mbona unacheka?"

"Ndiyo mbegu yetu, Mzee. Tunacheka."

"Na mgongo mbona umeteremka?"

"Ni kwa ajili ya kupanda mlima. Mbele kunafika kwanza."

Beberu akamzunguka. Akapima shingo, akapima taya. "Tazameni taya, jamani! Tazameni shingo! Sasa bwana, chakula chako ni nini?"

Mgeni akawatazama watoto wa mbuzi. Mate yakamdondoka. To. To. To.

"Nyasi," akasema.

"Mnasikia? Taya kama hizo, na anakula nyasi!"

"Mzee," Kalunguyeye akasema, "huyo ni Fisi."

"Fisi ana madoa. Huyu ana madoa?"

"Yako chini ya majivu."

"Wivu, Bi Kalunguyeye. Taya zako wewe zinatosha nini? Cheueni, jamani."

Nyamu-nyamu-nyamu. Mama Madoa peke yake hakucheua. Alikuwa amesimama mbele ya mwanawe aliyebaki, lakini hakupinga, kwa sababu aliyesema alikuwa Mzee.

Kalunguyeye akajikunja. Akakaa. Akajikunjua. Kisha akaona kwamba baraza likicheua halitazami, na akatoka.

Akamkimbilia yule jike nje ya lango. "Dada, kitoto chako kinanyonya?"

"Kingenyonya. Maziwa yamekauka."

"Niachie mimi. Kuna mama humu maziwa yanamwuma."

Jike akakilamba kitoto chake kichwani, akakiacha, akaenda bila kugeuka nyuma. Kalunguyeye akakisukuma kwa pua mpaka kwenye majani aliyolalia yule pacha aliyeliwa wa Mama Madoa, majani yenye mkojo na jasho la mtoto yule. Akakibingirisha huku. Akakibingirisha kule. Kisha akakisukuma chini ya tumbo la Mama Madoa.

Mama Madoa akanusa. Akanusa tena.

"Huyu ni wangu?"

"Ananukaje?"

"Kama wangu."

"Basi."

Kitoto kikashika chuchu. Mama Madoa akafumba macho. Akakiita Fidia, kwa ajili ya yule aliyeliwa.

Kikabaki kitu kimoja. Mbwa hakui kwa siku moja, na Fisi alikuwa langoni, ana njaa ya leo. Kalunguyeye akamwendea.

"Salamu, Bwana Fisi."

"Mimi ni mbwa."

"Na mimi ni tembo. Sikiliza. Ukiingia sasa utakula mtoto mmoja, tena mifupa mitupu, maana nyasi zimekauka. Wengine watakimbilia mlimani, na mlimani wapo shemeji zako. Wao watashiba, wewe utabaki unalamba lango."

Fisi akalitazama lango.

"Lakini mvua iko njiani. Nyasi zitaota, watoto watanona. Nani anavuna mahindi yakiwa maua?"

"Mjinga."

"Nawe ni mjinga?"

"Mimi si mjinga!"

"Basi linda mali yako mpaka inone. Wote watakuwa wako."

Fisi akamkazia macho. "Na wewe unapata nini?"

"Mifupa, ukishamaliza. Mende hupenda mifupa."

Fisi akaridhika. Mwenye tamaa humwamini mwenye tamaa mwenzake.

Jioni baraza likatoa uamuzi: mbwa wa mlimani ndiye mlinzi.

"Uamuzi mzuri, Mzee," Kalunguyeye akasema. "Sijui atalala humu na wakubwa, au nje?"

"Humu na wakubwa?" Beberu akatuna. "Mtumishi? Atalala nje!"

Lango likafungwa, Fisi akiwa upande wa nje.

Basi Fisi akalinda. Akaja shemeji yake.

"Shemeji, nasikia una zizi. Tugawane."

"Tugawane nini? Ni langu!"

Kra! Pu! Shemeji mbio. Akaja binamu. "Ndugu yangu, tugawane." "Ni langu!" Kra! Pu! Binamu mbio. Akaja mjomba mwenyewe, mzee, hana meno. "Mwanangu, nipe hata kwato." "Langu!" Kra! Mjomba naye mbio. Ukoo wote ukamkataa Fisi, na hakuna mtoto wa mbuzi aliyepotea.

"Mnaona?" Beberu akasema kila asubuhi. "Mbegu!"

Na kila asubuhi Fisi aliingiza pua miibani.

"Wamenona?"

"Bado."

Mvua ikanyesha, Fisi akajipaka majivu upya. Nyasi zikaota.

"Wamenona?"

"Bado. Hayo ni maji tu tumboni."

Fisi alikula panzi na mizizi, akakonda. Fidia alinyonya, akanenepa. Lakini Kalunguyeye hakupata raha, maana mbwa yule alikuwa ameharibika. Aliposikia njaa alilia mee. Alipanda kichuguu akasimama juu yake kwa miguu minne, kama ndugu zake. Mchana alilala katikati ya baraza akitafunatafuna, na mdomoni hamna kitu.

"Fidia, unafanya nini?"

"Nacheua, mama mdogo."

"Wewe ni mbwa!"

"Ndiyo, mama mdogo." Akafikiri. "Mbwa ni mbuzi wa wapi?"

Kalunguyeye akajikunja. Akakaa. Akakaa sana. Akajikunjua.

Nyasi zikafika magotini. Fisi akaja.

"Wamenona?"

"Bado."

"Bi Kalunguyeye, yule pale ameshindwa kuinuka kwa unene."

"Amevimbiwa."

"Na yule?"

"Ana mimba."

"Ni dume yule!" Fisi akasimama. "Nimekula panzi. Nimemng'ata mjomba. Leo nakula."

Akasukuma lango mchana kweupe, akaingia.

"Aa, mlinzi!" Beberu akasema. "Nani amekuruhusu..."

Fisi akampita. Akamwendea pacha aliyebaki wa Mama Madoa, akamshika paja.

"Mlinzi!" Beberu akapiga kelele. "Hizo si nyasi!"

Kisha Mzee akarukia nyuma ya birika la maji, na mbuzi wengine wakakimbilia kona ya zizi, wakarundikana.

Fidia peke yake alisimama. Aliona dada yake mdomoni mwa mtu. Akaja mbele. Kwa mara ya kwanza Kalunguyeye akaona jinsi alivyokuwa mkubwa: mabega yake yalilingana na ya Fisi.

"Mng'ate!" Kalunguyeye akapiga ukelele. "Fidia, mng'ate!"

"Nimng'ate?" Fidia akashangaa. "Mama mdogo, sisi hatung'ati."

Akarudi nyuma hatua kadhaa. Akainamisha kichwa. Akaja mbio. PU! Akampiga Fisi kichwa ubavuni.

Fisi akamwachia mtoto ili apate kucheka. "He-he-he! Mbwa gani huyu? He-he-he!"

Kalunguyeye akafumba macho. Siku zote zile. Maziwa yote yale. Na mlinzi wa zizi hajui kwamba ana meno.

Fidia akarudi nyuma tena. Akainamisha kichwa. Akaja. PU!

Fisi hakucheka mara ya pili. Akamrukia Fidia, akamshika sikio, akavuta. Fidia akalia mee.

Mama Madoa alisikia mtoto wake analia. Mtoto wa kwanza alilia hivyohivyo, na siku ile yeye alikuwa kwenye kona pamoja na wenzake. Safari hii akatoka kwenye kona. Hakungoja baraza, hakucheua. Akainamisha kichwa. PU! Pembe zikazama mbavuni mwa Fisi. Wengine walipomwona mama anapigana, nao wakatoka. PU! PU! PU! Majivu yakatimka, madoa yakaonekana.

Fisi akageuka, akamdaka Mama Madoa mguu. Hapo Fidia alisahau adabu aliyofundishwa. Akafungua mdomo, akaufunga kwenye shingo ya Fisi. NGA! Akashangaa mwenyewe. Akafungua, akafunga tena. NGA!

"Shemeji!" Fisi akaita. "Shemeji yangu! Binamu! Mjomba!"

Kutoka mlimani sauti ikajibu: "Linda mali yako, shemeji!"

Fisi akapasua miiba ya zizi, akatokea upande wa pili bila nusu ya mkia, akakimbia mpaka wakaacha kumwona. Hakurudi.

Mama Madoa akamlamba binti yake paja. Kisha akamlamba Fidia sikio, lile lililochanika.

"Umeng'ata," akamwambia.

"Samahani, mama."

"Hapana. Umefanya vizuri."

Mzee Beberu akatoka nyuma ya birika, ndevu zinadondosha maji.

"Mnaona, jamani? Nilisema tangu mwanzo. Mbwa mkubwa! Huyu ni mbegu gani?"

"Ni mwanangu," Mama Madoa akasema.

"Kwa mabega haya? Huyu ni wa mlimani, wa mlimani hasa. Nilimchagua mwenyewe. Cheueni, jamani."

Wakacheua. Nyamu-nyamu-nyamu. Fidia akajilaza katikati yao, akacheua hewa. Kalunguyeye akafungua mdomo ili aseme, akaufunga. Mende alikuwa anapita, mnono, anasukuma donge lake la samadi. Kalunguyeye akamla mende, akaingia miibani kulala.

— Ngano imeingia zizini, lango nimefunga. Anayeitaka tena?
— Afungue mwenyewe!
— Na akitoka?
— Afunge!

Funzo lake, wanangu, ni hili: ukitaka mlinzi wa mbuzi, usihangaike na kulea. Tafuta mwenye mbegu nzuri, mpime shingo, mtazame taya, na akikuambia anakula nyasi, mwamini. Watu wakipinga, waulize kama wanacheua.