Jongoo Aliyejaa Pazia Zima

Paukwa!

Pakawa!

Nawe wa nyuma unayetafuna, itikia. Pakawa nini?

Pakawa jumba la sinema, bati juu, giza ndani!

Haya. Katika jumba hilo aliishi Jongoo, mama wa mayai arobaini. Aliyataga kwenye ufa wa sakafu, chini ya safu ya tatu ya viti, wala hayakuhamishika, maana ukiyagusa tu yanapasuka. Siku moja Panya Buku akapita, akanusa, akarudi kunusa tena.

"Shikamoo, Bwana Buku," Jongoo akasema haraka.

"Marahaba. Kumbe una mayai? Kesho saa nane mchana, taa zikizimwa, nitakuja kuyala. Leo nimeshiba."

Hiyo ndiyo heshima ya Panya Buku: akishiba, anakupa taarifa.

Jongoo hakutulia. Kwata-kwata-kwata, mguu huu waenda, mguu ule warudi. Akayazunguka mayai, akapanda ukuta, akashuka, akayazunguka tena. Hofu ilimjaa mpaka kwenye mguu wa mwisho.

"Shoga, unanitia kizunguzungu," akasema Nyenje, jirani yake aliyeishi ndani ya spika. "Waombe watu msaada."

"Watu? Wakiniona wananikanyaga."

"Huku chini, ndiyo. Lakini juu ya pazia? Wiki nzima wanaonyesha zile picha za zamani. Buibui mkubwa kuliko ghorofa, konokono anayemeza mji. Watu wanalipa kiingilio ili wapige mayowe. Jana kuna siafu kamwokoa bibi harusi, wakamlilia kama ndugu yao."

"Na Panya Buku haogopi?"

"Huyo hajainua kichwa tangu azaliwe. Filamu ikianza, yeye na bisi chini ya viti."

Jongoo akasimama. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo.

Kesho yake saa nane taa zikazimwa. Jongoo akaushika ukuta kuelekea kwenye chumba cha mashine, kwa Mzee Shomvi, mwonyesha filamu. Alijua kwamba mkanda wa kwanza ukiisha, mashine hubaki ikimwaga mwanga mtupu huku mzee akipapasa kutafuta mkanda wa pili.

Kwata-kwata-kwata, Jongoo anapanda. Ngwe-ngwe-ngwe, Panya Buku anakula bisi za safu ya kumi.

Kwata-kwata-kwata, Jongoo yuko nusu ya ukuta. Ngwe-ngwe-ngwe, Panya Buku yuko safu ya saba.

Kwata-kwata-kwata, Jongoo kafika dirishani. Panya Buku yuko safu ya nne, anajifuta mdomo, anajiandaa kwa mayai.

Tap! Tap! Tap! Mkanda ukaisha. Pazia likawa jeupe.

Jongoo akapanda juu ya kioo cha mashine. Kilikuwa cha moto, kikamuunguza nyayo, na nyayo zake mnazijua si mbili. Hakushuka.

Kwenye pazia akatokea Jongoo mrefu toka ukuta hadi ukuta, miguu kama nguzo za umeme. Watu wakapiga mayowe, wakidhani ni filamu. Na ndani ya spika Nyenje akalia, akijifanya ndiye Jongoo, "Nyeeee! Buku, inua kichwa! Mayai yangu unayala kwa ruhusa ya nani?"

Panya Buku akainua kichwa. Bisi ikamdondoka.

"Mama Jongoo," akasema taratibu, "mbona hukuniambia kuwa umekua?"

"Uliniuliza?"

"Mimi nilikuwa napita tu, mama."

"Basi pita."

Akapita. Akapita mlango, akapita soko, akapita hata mto, na kuogelea hajui.

Mzee Shomvi akarudi na mkanda wake, akamwona Jongoo kwenye kioo. "Kadudu haka," akasema, akampuliza, fuu! Jongoo akajikunja, akaanguka, akakunjuka, akarudi mbio safu ya tatu. Akayazunguka mayai yake kwa furaha, kwata-kwata-kwata, mguu huu waenda, mguu ule warudi.

Yakaanguliwa thelathini na tisa. Moja alilikanyaga mwenyewe katika kuzunguka huko, na analililia mpaka leo.

Ngano yangu imegonga ukuta. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni niilambe mwenyewe.

Na fundisho lake, wanangu, ni hili: picha za sinema hazijamdhuru mtu. Asiyeamini akamuulize Panya Buku, akimpata.